Kinanda cha Mdomo Chaweza Kufunzwa Nyimbo za Pwani

Mtu avukaye Makupa kutoka kisiwa cha Mombasa na kushika njia ya Changamwe hufika Chaani kabla hajachoka. Mtaa huu umo katika jimbo la Changamwe, upande wa bara, karibu na bandari ya Kipevu na si mbali na kiwanda cha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Wakazi wake wengi ni watu wa kazi: wapakuzi wa bandarini, madereva wa malori, mafundi, wachuuzi na walimu. Wamo Waswahili na Wamijikenda, wamo Wakamba, Wataita, Wajaluo na Waluhya, na kila jamaa walikuja na nyimbo zao pamoja na mizigo yao.

Katika mtaa wa namna hiyo, ambamo wengi hukaa vyumba vya kupanga na jirani hutenganishwa na jirani kwa ukuta mmoja tu, si kila mtu awezaye kuweka ngoma, fidla au kinanda kikubwa. Kinanda cha mdomo hakidai nafasi wala umeme. Hukaa mfukoni, na mwenyewe aweza kukipiga akingoja gari, akipumzika baada ya zamu ya usiku, au akikaa barazani na wenzake. Kwa bei pia ni chepesi kuliko gita au udi.

Hata hivyo chombo hiki kina bahati mbaya. Duniani kote wako watu wengi waliokinunua ujanani, wakakipiga kwa miezi michache, kisha wakakitia katika kasha au mtoto wa meza na kukisahau. Wengi wao hujilaumu. Husema kwamba hawakuzaliwa na kipaji, kwa sababu walijaribu wimbo waupendao na katikati ya wimbo sauti moja ikakataa kutoka. Yafaa watu hao waelezwe jambo ambalo muuza duka hakuwaambia: mara nyingi sauti ile haikukataa, bali haimo kabisa ndani ya kinanda. Aliyekiunda hakuitia, kwa kuwa nyimbo zake yeye hazikuihitaji.

KILIUNDWA KWA NYIMBO ZA NANI

Vinanda vya aina hii vilienea duniani kutoka Ujerumani. Katika mji wa Trossingen fundi wa saa, Matthias Hohner, alianza kuviunda mwaka 1857, na kampuni yenye jina lake ikaja kuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Aina moja mashuhuri, iitwayo Marine Band, ilianza kuuzwa mwaka 1896 na ingali ikiuzwa.

Kinanda cha kawaida kina matundu 10 na ndimi 20 za shaba. Kila tundu lina ndimi mbili: mmoja hulia mtu anapopuliza, na wa pili hulia anapovuta pumzi. Mpango wa sauti zake huitwa mpango wa Richter. Katika kinanda cha ufunguo wa C, pumzi inayotoka hutoa do, mi na so tu, tena na tena, tangu tundu la 1 hata la 10. Pumzi inayoingia hutoa zile sauti nyingine.

Mpango huu una hekima yake. Wajerumani wa wakati ule walipenda nyimbo za kijijini na za kucheza dansi, ambazo sauti tatu hulia pamoja kuubeba wimbo. Mtu akipuliza matundu matatu kwa mara moja hapati makosa, kwa maana do, mi na so hupatana daima. Hata mtoto hupiga kitu cha kusikilizika siku ya kwanza.

Lakini kila faida ina gharama yake. Ili sauti tatu zilie pamoja vizuri, sauti nyingine ziliachwa. Katikati, tangu tundu la 4 hata la 7, sauti zote saba za ngazi zimo. Upande wa chini fa na la hazimo. Upande wa juu kabisa ti haimo. Kisha so ya chini imewekwa mara mbili, kwa kupuliza tundu la 3 na kwa kuvuta tundu la 2. Basi mtu anayepiga wimbo unaoshuka chini hukuta ngazi yenye vidato viwili vilivyovunjika, akaanguka, akadhani kwamba miguu yake ndiyo mibovu.

NJIA MBILI ZA KUZIBA PENGO

Watu wa kwanza kukishinda kizuizi hicho walikuwa Waamerika Weusi wa majimbo ya kusini, waliopiga muziki wa bluzi. Waligundua kwamba mtu akivuta pumzi huku amebadili nafasi ya ulimi na koo, sauti hupindika na kushuka. Kwa kuvuta tundu la 2, so huweza kushushwa hata ikawa fa. Kwa kuvuta tundu la 3, ti huweza kushushwa hata ikawa la, na chini yake kidogo. Wapigaji kama Sonny Terry, aliyefariki mwaka 1986, walikifanya kinanda cha Mjerumani kilie, kigune na kuita kama mtu.

Njia hii ni nzuri, lakini ni ngumu. Huchukua miezi mingi kuijua, na sauti iliyopindwa huwa na mlio wake mzito, usiolingana na sauti zilizo wazi. Katika bluzi uzito huo hupendeza. Katika wimbo mwepesi unaokwenda mbio husikika kama jiwe ndani ya wali.

Njia ya pili ni kukibadili kinanda chenyewe. Ulimi wa shaba ukikwanguliwa kidogo kwa tupa hubadili sauti yake. Kwa hiyo mtu aweza kuamua ni sauti zipi anazozitaka, akazitia ndani ya chombo mara moja, badala ya kuzitafuta kwa shida kila apigapo.

MZALIWA WA MOMBASA

Miongoni mwa watu waliofanya kazi kubwa katika njia hiyo ya pili, mmoja alizaliwa papa hapa Mombasa. Jina lake ni Brendan Power. Alizaliwa mwaka 1956, na alipokuwa mtoto bado jamaa yake ilihamia New Zealand. Huko, akiwa kijana, alimsikia Sonny Terry akipiga jukwaani, na tangu siku hizo akashika kinanda cha mdomo. Alianza kwa bluzi kama wengine, kisha akavutwa na muziki wa Waairishi.

Nyimbo za Waairishi huenda mbio sana, na mara kwa mara hushuka hata kwenye la ile ya chini isiyokuwamo. Power alitazama kinanda chake akaona kwamba so ya chini imo mara mbili. Akachukua ule ulimi wa kupuliza wa tundu la 3, akaupandisha kutoka so hata la. Hakupoteza so, kwa maana ilibaki katika tundu la 2. Kwa kubadili ulimi mmoja tu kati ya 20 alipata njia iliyonyooka mahali palipokuwa na shimo. Mpango huo huitwa Paddy Richter, na leo hutumiwa na wapigaji wa nchi nyingi.

Mwaka 1993 Power alishinda taji la Ayalandi nzima la kinanda cha mdomo. Baadaye alipiga katika tamasha mashuhuri la Riverdance, na hakuacha kubuni mipango mingine ya sauti, hata kwa nyimbo za Kichina. Funzo lililo katika habari zake si kwamba alikuwa na vidole vya ajabu au mapafu ya farasi. Alisikiliza kwanza muziki anaoutaka, akajiuliza unahitaji sauti gani, kisha akakirekebisha chombo kiufuate muziki.

Wako pia waliogeuza wazo hili kuwa biashara. Lee Oskar, mzaliwa wa Denmark aliyepata sifa Marekani katika bendi ya War, alianzisha kampuni yake mwaka 1983 pamoja na kampuni ya Tombo ya Japani. Kampuni hiyo huuza vinanda vilivyokwisha tiwa sauti za namna mbalimbali, hata za nyimbo za huzuni, na huuza bamba za ndimi peke yake, ili mtu asilazimike kununua kinanda kizima wakati ndimi zimekwisha.

NYIMBO ZA TAARABU

Sasa swali la watu wa Pwani ni hili: je, chombo kilichoweza kufunzwa Kiairishi chaweza kufunzwa taarabu? Jambo hili si la kujibiwa kwa pupa, kwani taarabu ya Mombasa na Lamu ina sauti ambazo Mzungu hakuziweka katika piano.

Katika muziki wa Ulaya hatua iliyo ndogo kuliko zote ni nusu sauti. Katika muziki wa Waarabu, ambao taarabu ya udi ilirithi mengi kwao, zimo sauti zinazokaa katikati ya nusu na nusu. Ngazi za muziki huo huitwa maqam, na kila maqam ina jina na tabia yake: Rast, Bayati, Hijaz na nyinginezo. Mpiga udi hupata sauti hizo bila taabu, kwa sababu shingo ya udi haina vizuizi, na kidole hukaa popote sikio linapotaka. Ndiyo maana marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyekaa na kufariki Mombasa, aliweza kuuimbisha udi wake jinsi kinanda cha vifunguo kisivyoweza.

Tuanze na Hijaz, ambayo ni rahisi. Kuna mpango wa sauti unaouzwa madukani, ambao ndani yake mi zote na la zote zimeshushwa nusu sauti. Katika kinanda cha C ni kubadili ndimi 5: tundu la 2, la 5 na la 8 kwa kupuliza, na tundu la 6 na la 10 kwa kuvuta. Mpango huo ulikusudiwa nyimbo za huzuni za Ulaya ya mashariki. Lakini mtu akiuanza wimbo wake si katika do bali katika so ya tundu la 6, akapanda hata so ya tundu la 9, atakuwa amepita so, la iliyoshushwa, ti, do, re, mi iliyoshushwa na fa. Hiyo ndiyo Hijaz, na mtu wa Pwani huitambua papo hapo, kwani ameisikia tangu utotoni katika nyimbo za harusi, na ni jamaa ya sauti alizosikia msikitini. Hakuna sauti hata moja inayokosekana, wala hakuna haja ya kupinda.

Rast ni kazi zaidi. Humo mi na ti hazishushwi nusu sauti, bali robo tu. Piano haiwezi kutoa sauti hizo. Kinanda cha mdomo chaweza, kwa kuwa tupa haijui nusu wala robo: hukwangua hadi mwenyewe aseme basi. Akishusha mi tatu, yaani za tundu la 2, la 5 na la 8, na ti mbili, yaani za tundu la 3 na la 7, atapata Rast kamili tangu do ya tundu la 4 hata do ya tundu la 7. Ni ndimi 5 tena. Zile sauti tatu za kupuliza pamoja hazitapatana tena kama zamani, lakini taarabu ya udi haisimami juu ya sauti tatu. Husimama juu ya wimbo mmoja unaosokotwa vizuri.

HOJA YA WANAOPINGA

Wako watu watakaosema kwamba jambo hili ni mchezo, au kwamba ni hatari. Hoja yao ni ya haki na yapasa kusikilizwa. Wanasema: chombo cha kigeni kikiingia katika muziki, mara nyingi muziki ndio unaolazimika kukifuata chombo. Kwanza watu huacha zile sauti ambazo chombo hakina. Baada ya miaka thelathini watoto hawazijui, na mwisho wanaoziimba huambiwa kwamba wanakosea.

Hofu hii si ya leo wala si ya Pwani peke yake. Mwaka 1932 wajuzi wa muziki wa Kiarabu pamoja na wajuzi wa Ulaya walikutana Cairo, na moja ya mambo yaliyowatenga ni kama piano na vyombo vingine vya Ulaya vikaribishwe katika muziki wa Mashariki. Hata kuhusu robo sauti yenyewe hawakupatana: wengine walitaka ngazi igawanywe sehemu 24 zilizo sawasawa, wengine wakasema kwamba mwimbaji wa kweli haimbi kwa vipimo vilivyo sawasawa.

Huko Bara Hindi mambo yalikwenda mbali zaidi. Harmonia, kinanda cha mvukuto ambacho pia hulia kwa ndimi za shaba, kilipigwa marufuku katika redio ya serikali mwaka 1940, na marufuku hayo hayakulegezwa hata mwaka 1971. Sababu ilikuwa kwamba sauti zake zimekazwa mahali pamoja, hazipandi wala kushuka kwa utelezi kama koo la mwimbaji wa Kihindi. Hata hivyo watu hawakuiacha. Hapa Mombasa marehemu Juma Bhalo aliimba taarabu ya mtindo wa Kihindi kwa harmonia, na mashabiki wake hawakupungua.

Kadhalika taishokoto. Chombo hiki kilibuniwa mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912, na vifunguo vyake vimefanana na vya mashine ya kupigia chapa. Waliokibuni hawakufikiri hata kidogo juu ya Mombasa. Lakini kilipofika Pwani kiliingia katika taarabu hata kikawa kama mwenyeji, na kundi la Zuhura Swaleh lilijulikana kwa mlio wake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alileta ukali na mbio zilizofaa chakacha. Robo sauti hakuzileta, kwa sababu vifunguo vyake havikuwa nazo.

Basi hoja ya wanaopinga ina nguvu kwa chombo ambacho hakibadiliki. Kwa kinanda cha mdomo nguvu yake hupungua. Mtu anayekinunua na kukipiga vile vile kilivyotoka kiwandani ndiye anayeziacha sauti za wazee wake, tena bila kujua. Yule anayekaa na mpiga udi, akasikiliza mi ya Rast inakaa wapi, kisha akautia ulimi wake wa shaba mahali pale pale, huyo huihifadhi. Amekifanya chombo cha kigeni kuwa shahidi wa sauti ya nyumbani. Lililobaki ni kukubali kwamba kinanda kilichotiwa Rast hakitapiga Hijaz. Mpiga udi hubadili maqam kwa kusogeza kidole. Mpiga kinanda cha mdomo hubadili kwa kutoa kingine mfukoni.

NYIMBO ZA BARA NAZO

Chaani si mji wa taarabu peke yake. Jambo la kubadili sauti za chombo si geni kwa watu waliotoka bara. Mpiga nyatiti wa Kijaluo ana nyuzi 8, na hazikazi kwa kufuata piano ya mtu yeyote. Huzikaza kwa sikio mpaka zimpendeze kabla ya kuimba. Mpiga litungu wa Kibukusu hufanya vivyo hivyo kwa nyuzi zake 7. Wapiga ngoma wa Kimijikenda huota ngoma zao motoni au juani, ili ngozi ikazike na sauti ipande. Hakuna anayesema kwamba ngoma iliyootwa si ngoma tena.

Nyimbo nyingi za makabila yetu hutumia sauti tano tu katika ngazi moja. Kwa nyimbo hizo kinanda cha kawaida kina sauti za ziada ambazo humpotosha mwanafunzi, kwani pumzi ikienda tundu la jirani hutoka sauti isiyotakiwa. Ndimi zile zaweza kupandishwa au kushushwa zikawa marudio ya sauti zinazotakiwa. Hapo hata mgeni wa chombo hicho hawezi kukosea sana. Mwalimu wa shule mwenye darasa la watoto arobaini ataona mara moja faida ya chombo cha namna hiyo.

KAZI YA TUPA

Kwa mtu atakaye kujaribu, vitu vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ndogo, tupa nyembamba kama ile ya sonara, kipande cha bati jembamba sana, na kitu cha kupimia sauti. Siku hizi simu za mkononi zina programu za kupima sauti, nazo huigawa kila nusu sauti katika sehemu 100. Robo sauti, basi, ni sehemu 50.

Kifungue kinanda kwa bisibisi, utoe vifuniko, nawe utaziona bamba mbili zenye ndimi. Ingiza kipande cha bati chini ya ulimi unaoutaka, ili usipinde wakati wa kukwangua. Kisha kumbuka kanuni hii moja, kwani ndiyo msingi wa kazi yote: ukikwangua kwenye ncha, ulimi hupungua uzito na sauti hupanda, ukikwangua karibu na shina, mahali ulipopigiliwa, ulimi hulegea na sauti hushuka.

Kwangua kidogo sana, mara mbili au tatu, kisha futa vumbi, rudisha vifuniko na upige polepole. Usipime sauti mara tu baada ya kukwangua, kwa kuwa shaba iliyopata moto wa tupa hudanganya. Iache ipoe, kisha upime tena, na kesho yake upime mara ya tatu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na katika kazi hii mwenye pupa huvunja ulimi. Shaba ikisha kuondolewa hairudi, na ulimi uliokonda mno hupasuka baada ya siku chache za kupigwa kwa nguvu.

Kwa sababu hiyo haifai kuanza na kinanda kizuri. Afadhali kuanza na kile cha zamani kilicholala kwenye kasha, ambacho hakuna atakayekililia. Tena yafaa kuanza na ulimi mmoja tu, ule wa kupuliza wa tundu la 3, kwa mpango wa Paddy Richter, kabla ya kujaribu ndimi 5 za Hijaz au Rast. Na inapofika zamu ya Rast, kipimo cha simu kikufikishe karibu tu. Hatua ya mwisho iachiwe sikio la mtu aliyezoea udi, kwani mi ya Mombasa haikuandikiwa sheria kwamba iwe 50 kamili.

KWA ANAYERUDI

Mtu anayekirudia kinanda baada ya miaka mingi ajihadhari na mambo mawili. La kwanza ni uchafu. Chombo kilicholala muda mrefu hukusanya vumbi na kutu, nacho huvutwa kwa pumzi hata ndani ya kifua. Hakina budi kufunguliwa na kusafishwa kabla ya kutiwa mdomoni, wala kisiazimwe ovyo ovyo, kwa maana mate ya mtu mmoja si ya kupokezana na wenzake. Hewa ya Pwani yenye chumvi pia hula shaba. Baada ya kupiga, kipigwe kiganjani mate yatoke, kisha kikauke kabla ya kurudishwa mfukoni.

La pili ni nguvu. Wengi hupuliza kana kwamba wanawasha moto wa kuni mbichi. Ndimi hizi ni nyembamba, nazo hulia kwa pumzi ya kawaida ya mtu anayezungumza. Anayepuliza kwa upole husikia makosa yake mapema, na ndimi zake huishi miaka mingi.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya masikio. Chaani haijapungukiwa na walimu: yuko mzee aliyeimba katika ngoma za harusi, yuko jirani ajuaye nyimbo za nyatiti, yuko bibi anayekumbuka santuri zilizopigwa ujanani mwake. Kila mmoja wao ana sauti fulani ambayo kinanda cha dukani hakina. Mtu akikaa nao jioni moja, akawaomba waimbe wimbo mmoja polepole mara tatu, ataondoka akijua ni ulimi upi wa kukwangua na kiasi gani. Ulimi huo ukiharibika zimebaki 19 za kujifunzia, na wazee hao hawatatoza ada kwa kuuimba wimbo mara ya nne.